Kabla Upepo wa Mashariki Haujafika

Maneno haya niliyasema Jumapili baada ya ibada, mbele ya ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili hapa Missoula na katika bonde la Bitterroot, jimbo la Montana. Wengi hawakuwepo: wengine walikuwa kazini, wengine hawana usafiri. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Mwenye jirani asiyejua kusoma, tafadhali amsomee.

Wazee wetu, mama zetu, baba zetu, vijana wetu, na nyinyi watoto mliokaa pale nyuma karibu na birika la chai, hamjambo?

Najua sombe iko jikoni na harufu imeshafika hadi hapa. Sitawaweka sana. Lakini nawaomba mnisikilize kwanza, kwa sababu jambo hili halingoji tushibe.

Leo asubuhi mmeliona jua? Mmeuona mlima Jumbo ulivyokuwa unang'aa? Kuna aliyeona wingu? Hakuna. Nyumbani tulilelewa tukijua kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mama akitazama juu tu, anakwambia anua nguo. Huku milimani, ndugu zangu, ukiyaona mawingu umeshachelewa. Huku dalili inaanzia kwenye simu, siku mbili tatu kabla, nayo inaandikwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana kila mwaka dhoruba inawafikia jirani zetu kwa taarifa na inatufikia sisi kwa ghafla. Dhoruba ni ile ile. Wao wameambiwa, sisi hatujaambiwa.

Basi leo nataka tuambiane.

Idara ya Hali ya Hewa, ofisi yake ya hapa hapa Missoula, imetoa taarifa kwamba kuanzia Jumanne usiku theluji nyingi inatarajiwa, kwanza milimani, halafu huku bondeni, na nyuma yake upepo na baridi kali. Kwenye simu zenu mmeona neno Watch, ambalo kwa Kiingereza ni pia saa ya mkononi. Wengi mmelifuta mkidhani ni tangazo la saa za kuuza. Nimeulizwa hivyo na mama mmoja juzi, na sikumcheka, kwa sababu hata mimi miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nafuta kila kilichoingia kwa herufi kubwa.

Watch maana yake dhoruba inaweza kuja, jiandae. Neno la pili ni Warning. Hilo maana yake inakuja kweli, au imeshafika. Ukisubiri Warning ndipo utoke kwenda dukani, utakuta rafu za mkate ni tupu na barabara imekuwa kioo. Na kuna neno la tatu, Blizzard. Hilo likitajwa, wanazungumzia upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, na theluji inayopeperuka mpaka huoni kilicho mita 400 mbele yako, kwa saa tatu au zaidi. Saa tatu za kutoona, ndugu zangu. Mtu amepotea kati ya nyumba yake na banda lake la ng'ombe.

Sasa hivi tuna Watch. Narudia: sasa hivi tuna Watch. Tuna leo, tuna kesho, tuna Jumanne mpaka jioni. Hizo ndizo siku zetu.

Na mkipeleka habari kwa wazee, angalieni saa. Simu inasema saa nane za usiku za Kizungu, wewe unamwambia bibi "saa nane usiku", naye anajua ana muda mpaka watu wamelala. Kumbe ni saa mbili ya usiku. Umempotezea saa sita. Tajeni saa yetu, halafu semeni, "yaani watu wakiwa wanakula."

Nianze na baridi yenyewe, kwa sababu wengi tunaidharau.

Sisi tulifika hapa mwezi wa tisa kutoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja nilitazama simu, ikaniambia 20. Sasa niulizeni mimi mtoto wa Bukavu, kule Kongo, nyuzi 20 ni nini? Ni siku nzuri kabisa! Ni siku ya kufua mablanketi. Nikamwambia mwanangu vaa sweta, nenda. Akaenda kusubiri basi la shule. Basi likachelewa. Aliporudi mlangoni alikuwa hawezi kukunjua vidole, na nilipomshika sikio lilikuwa gumu, baridi, kama nyama iliyotoka kwenye friza. Sikio la mtoto wangu! Mpaka leo nikilala naukumbuka ule mguso kwenye vidole vyangu.

Ile 20 ilikuwa ya Kimarekani. Shikeni hesabu hii, na watoto mnaoijua wasaidieni wazazi wenu. Kwenye simu za hapa maji yanaganda kwenye 32. Ukiona 20, hiyo ni nyuzi 7 chini ya sifuri yetu. Ukiona sifuri, hiyo ni nyuzi 18 chini ya sifuri yetu. Na upepo ukiongezeka mpaka simu inasema mwili utahisi kama 19 chini ya sifuri yao, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 30. Dakika 30 ni kusubiri basi moja lililochelewa.

Kuna wanaosema theluji ni ya Wazungu, sisi hatuijui. Si kweli. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alifika Uchagani akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Mabwana wasomi wa Ulaya wakambishia, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini watu wa pale walikuwa wanajua habari zake kabla yake. Walimsimulia kwamba mfalme wa Machame aliwahi kutuma watu wapande juu, waulete ule weupe unaong'aa kama fedha. Walichoteremsha kikageuka maji. Na waliopanda, wengine walikufa kwa baridi, wengine walirudi na mikono na miguu iliyoharibika. Watu wakasema ni kazi ya majini.

Hawakuwa na jina la ugonjwa ule, lakini waliyoyaona waliyaona sawasawa. Nyama ya mwili inaganda. Inaanza kuchoma, halafu inaacha kuchoma, na hapo ndipo mtu anapojidanganya kwamba amezoea. Hujazoea. Pamekufa ganzi. Kwa ngozi zetu usitafute wekundu ule wa kwenye picha za hospitali, hutauona. Tafuta mahali palipopauka, penye rangi kama ya majivu, pagumu ukipabonyeza. Ukipaona, mwingize mtu ndani, umvue kilicholowa, umtumbukize mkono au mguu kwenye maji ya uvuguvugu, ya kumwogeshea mtoto mchanga, yasizidi hapo. Usisugue. Usiweke karibu na hita, maana penye ganzi pataungua na mwenyewe asijue. Kisha hospitali.

Mmenielewa hapo? Nani anirudishie: tunasugua au hatusugui?

Hatusugui. Asanteni.

Sasa kwa nini nawasumbua wakati jua linawaka?

Kuna mji unaitwa Browning, uko katika jimbo letu hili, upande wa pili wa Milima ya Rocky, katika ardhi ya Wablackfeet, wenyeji wa asili wa huku. Tarehe 23 Januari 1916 watu wa pale walikuwa na siku ya nafuu, nyuzi 7 hivi juu ya sifuri. Siku ambayo mkulima anafungua vifungo vya koti. Ndani ya saa 24 ikashuka mpaka nyuzi 49 chini ya sifuri. Siku moja tu! Ni mojawapo ya mabadiliko makubwa kabisa ya joto la siku moja yaliyowahi kupimwa duniani. Na mwaka 1954, kwenye njia ya mlimani ya Rogers Pass, si mbali na Helena, walipima nyuzi 57 chini ya sifuri. Hakuna kipimo cha chini kuliko hicho katika majimbo 48 ya bara ya Marekani. Sisemi kwamba Jumanne itakuwa hivyo. Nasema jua la leo halina ahadi yoyote na wewe.

Vijana mnaosoma mniulize inakuwaje. Hewa ya baridi ni nzito. Inashuka kutoka Kanada na kujaa kule mashariki ya milima kama maji yanavyojaa nyuma ya ukuta. Wakati huohuo hewa yenye unyevu inatoka Bahari ya Pasifiki, magharibi, inapanda milima, inapoa, inamwaga theluji. Siku nyingi milima inatukinga na lile bwawa la baridi. Lakini likijaa, linamwagika, na linatafuta upenyo. Upenyo wetu ni lile korongo la Hellgate, pale mto Clark Fork unapoingilia mjini. Mmewahi kuweka mkono kwenye tundu la ufunguo siku ya upepo? Ndivyo mji huu ulivyo mbele ya lile korongo. Kwa hiyo Jumatano, ukiona theluji imepungua na watu wanaanza kusema imeisha, tazama bendera mtaani. Ikiwa inapepea kutoka mashariki, bado. Rudi ndani.

Sasa barabara. Hapa nataka nizungumze na wanaofanya kazi za usiku, na najua ni nusu ya ukumbi huu.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa natunza wazee, mahali ambapo sitapataja, kusini kwetu huku bondeni. Theluji ilianza saa tisa alasiri. Nikapiga simu kazini, nikaambiwa kila mtu anatakiwa afike, asiyefika atafute pengine. Nikaogopa. Nina kodi ya nyumba, nina watoto, nina watu kambini wanaosubiri nitume kitu. Nikatoka. Zamu niliimaliza salama. Nikapata ajali wakati wa kurudi, usiku wa manane, kwenye barabara kuu ya 93. Gari liliteleza polepole, kama mtu anayelisukuma kwa mkono, likaingia mtaroni likalala upande.

Niliona taa. Nasema kweli mbele yenu, niliona taa ya nyumba, na nilidhani ni hatua mia mbili. Nikafungua mlango, nikatoa mguu mmoja. Kitu kilichoniokoa ni simu. Mwenzangu wa kazini, mwanamke wa hapa hapa Montana, alipiga kuuliza kama nimefika. Nilipomwambia nataka kutembea hadi kwenye taa, alipaza sauti kama ananikemea: "Rudi ndani ya gari! Kaa kwenye gari!" Nikarudi. Baada ya dakika tano ile taa ilikuwa haionekani. Haikuzimwa, ndugu zangu. Theluji ilikuwa imejaa kati yangu na yenyewe. Asubuhi niliipima kwa macho. Ilikuwa zaidi ya kilomita moja, na kati yake kulikuwa na mfereji.

Akaniambia mambo mengine matatu, nami nayaleta kwenu kama alivyonipa. Washa injini dakika kumi tu kila saa, upate joto, halafu uzime. Kabla hujawasha, toka ufukue theluji kwenye bomba la moshi, kwa sababu likiziba moshi unarudi ndani na utalala usiamke. Na dirisha moja, la upande usiopigwa na upepo, liache wazi kidogo, upana wa kidole. Halafu akaniuliza, una kitambaa cha rangi kali? Nilikuwa na kitenge chekundu nilichojifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi. Nikakifungua nikakifunga kwenye antena. Saa kumi na moja alfajiri dereva wa greda la kuondoa theluji alikiona. Alisema gari hakuliona kabisa. Aliona kitambaa chekundu kinapepea juu ya theluji.

Kwa hiyo akina mama, kitenge kimoja kikuukuu kiwe ndani ya gari, kikae humo humo mpaka mwezi wa tano. Na blanketi, na koleo, na maji, na tochi, na mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi, na tangi lisishuke chini ya nusu. Kabla ya safari piga 511, watakwambia barabara ipi imefungwa. Wenye safari ya Idaho kupitia Lolo Pass au Lookout Pass, nawaomba kwa heshima zote: si Jumanne, si Jumatano. Huko mnapanda mpaka mita 1,400 na zaidi, na pakifungwa, umefungwa nawe humo katikati.

Na kuhusu kazi. Piga simu kesho Jumatatu, usingoje Jumanne saa tisa. Mwambie msimamizi: nipe zamu ya mchana, au niruhusu nilale hapo kazini. Wengi watakubali, kwa sababu wao pia wanahitaji watu. Anayeona aibu ya Kiingereza chake anione mimi, tutapiga pamoja. Kazi nyingine tutaitafuta. Tumeshatafuta kazi mara ngapi maishani mwetu?

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi hii ya kuzungumza. Naomba hata walioko jikoni waje.

Mtu akikosa umeme huku, nyumba inapoa ndani ya saa chache. Na sisi tunajua kupasha nyumba joto, au sivyo? Tumekulia kwenye mkaa. Makala, wengine mnasema. Mbabula, yaani jiko la mkaa, iko barazani, ugali juu yake, na usiku wa mvua mama anaiingiza ndani watoto walale kwenye joto. Tumelala hivyo miaka na miaka na tukaamka. Lakini nyumba ile ilikuwa ya matope na mabati, ukuta unapitisha upepo kila pembe. Nyumba za huku zimezibwa. Dirisha lina vioo viwili, mlango una mpira pembeni, hakuna hewa inayotoka.

Desemba 2006, kule Seattle, jimbo la Washington, upepo mkubwa uliangusha nguzo na nyaya. Wateja zaidi ya milioni moja wakakosa umeme, wengine kwa siku kadhaa, na kulikuwa na baridi. Watu wakaingiza majiko ya mkaa ndani. Wengine wakawasha jenereta kwenye gereji. Hospitali zikajaa watu wenye kichwa kinachogonga, wanaotapika, wanaozimia. Watu wanane wakafa kwa hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa na jenereta. Na wengi wa waliougua kwa ajili ya mkaa walikuwa wahamiaji. Watu kama sisi! Watu waliofanya kile ambacho mama zao walikifanya.

Je, onyo halikuwepo? Lilikuwepo. Kwenye mfuko wa mkaa limeandikwa, redioni limesemwa, kwa Kiingereza. Siku kadhaa baada ya upepo, gazeti la The Seattle Times likachapisha onyo lile ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa za wahamiaji. Ilikuwa kazi njema, na nawashukuru. Lakini kuna watu ambao habari ile iliwakuta makaburini.

Hewa yenyewe inaitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu. Haina rangi. Haikukoholeshi kama moshi wa kuni mbichi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa safi, nawe unaona usingizi tu, usingizi mtamu. Mtoto anasema kichwa kinauma, wewe unadhani ni mafua. Mkiumwa kichwa watu wawili au watatu ndani ya nyumba moja kwa wakati mmoja, msijadiliane. Tokeni nje wote, hata kama nje kuna dhoruba, kisha pigeni 911, namba ya dharura. Ukiulizwa lugha, sema neno moja: Swahili. Wakutafutie mkalimani, na usikate simu.

Jiko la mkaa halikai ndani. Narudia. Jiko la mkaa halikai ndani, hata karibu na dirisha, hata dakika kumi za kuchemsha uji wa mtoto, hata barazani mlango ukiwa wazi. Jiko la gesi la kambi halikai ndani. Oveni haifunguliwi mlango ili ipashe chumba joto. Jenereta haikai gereji. Gari haliwashwi gereji. Na ile kengele nyeupe ya ukutani inayopiga kelele, usiitoe betri kwa sababu inakusumbua ukikaanga samaki. Kama nyumba yako haina kengele ya hewa hii, mwenye nyumba ana wajibu wa kuiweka, nasi tutamwandikia barua leo leo.

Sasa nipashe joto na nini, mama? Mzee mmoja ameniuliza hivyo na ana haki ya kuuliza. Chagueni chumba kimoja, kidogo, kisichotazama mashariki. Ingieni wote humo. Tandikeni magodoro chini, mablanketi juu ya dirisha, kanga chini ya mlango. Vaeni nguo tatu tatu, na kofia hata kitandani. Kesho pikeni vya kutosha siku tatu na mjaze chupa za chai. Bomba la maji liache litone kidogo kidogo lisigande. Na baridi ikizidi, nendeni kwa mwenye umeme. Hapo ndipo nataka nimalizie, kwa mwenye umeme.

Desemba ya 2022, mtakumbuka, dhoruba iliipiga Buffalo, jimbo la New York. Watu 47 walikufa katika eneo lile, wengine kwenye magari yao, wengine barabarani, wengine ndani ya nyumba zao zilizopoa. Kulikuwa na bwana mmoja, fundi wa magari, anaitwa Jay Withey. Alitoka kwenda kumsaidia rafiki, akakwama. Akabisha hodi nyumba baada ya nyumba, akaomba alale sakafuni tu, akatoa hata pesa. Akakataliwa. Njiani akawaingiza watu wengine waliokwama ndani ya gari lake. Mafuta yakakaribia kwisha. Akaona kwenye ramani ya simu kwamba kuna shule karibu. Akavunja dirisha, akaingia, akaenda gari kwa gari kuwachukua waliokwama. Wakawa watu 24 mle ndani, na wazee wakiwemo. Wakala chakula cha shule, wakasafisha, na alipoondoka aliandika barua ya kuomba radhi kwa dirisha.

Mimi nikiisikia habari hiyo nawafikiria zaidi wenye zile nyumba. Si watu wabaya. Hawakumjua mtu aliyesimama mlangoni usiku. Waliogopa. Sasa niwaulize, na kila mtu ajijibu moyoni: jirani yako wa kulia unamjua jina? Wa kushoto je? Wewe ukibisha kwao usiku wa Jumanne, wataona ni nani amesimama pale?

Mwaka 2014, tarehe 28 Februari, theluji iliporomoka kutoka mlima Jumbo, huo mnaouona kwenye dirisha. Ilisababishwa na mtu aliyekuwa akiteleza kwa mchezo huko juu wakati mlima umefungwa. Ikashuka mpaka mtaani, ikafukia watu watatu: mtoto wa miaka minane na mume na mke wazee, nyumba yao ikavunjika kabisa. Nani alifika kwanza? Majirani. Watu wenye makoleo ya kuzolea theluji mlangoni kwao. Walichimba pamoja na waokoaji, mtoto akatolewa hai baada ya kukaa chini karibu saa nzima. Yule mume naye akapona. Mke wake alifariki siku chache baadaye. Watoto, nawaambia nyinyi hasa: mkiteleza, telezeni uwanjani. Miteremko ile ya mlima hamuendi, hata wenzenu wa shule wakiwaita.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu yako Denver anakupenda, lakini Jumanne usiku hana koleo la kukufikia. Kwa hiyo kesho, kila nyumba ipike kitu. Mandazi, sambusa, chochote. Mpelekee jirani sahani, mwambie jina lako, mpe namba yako. Kiingereza cha kusema "theluji inakuja, mimi niko namba nne" sote tunacho. Tangu 2016 familia zetu zilipoanza kufika katika mji huu, watu wa hapa wengi wametubishia hodi wakiwa na makoti na vitanda. Na sisi tubishe.

Pale mezani karibu na mlango kuna karatasi na kalamu mbili. Andika jina lako, namba ya nyumba, na kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mgonjwa, au mashine inayotumia umeme. Pembeni ataandikwa mtu atakayekupigia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, Jumanne mpaka Ijumaa. Usipopokea mara mbili, tunakuja.

Vijana wenye matairi ya theluji, simameni niwaone. Mmoja, wawili, watatu… watano. Mungu awabariki. Wawili wenu wamalize kula upesi. Bibi zetu wawili kule Hamilton wanaishi peke yao na hita ya umeme tu. Wafuateni leo. Nimeshaongea nao, wamefunga mizigo, chumba kipo nyumbani kwangu. Giza linaingia saa kumi na moja, na sasa ni saa saba kasoro.